Mwanaskii Akianguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kumwondoa Majeruhi Mlimani

Anayetazama mbio za skii kwenye televisheni ameshayaona haya: mtu anateremka kama mshale, anapinduka, anaburuzika hadi kwenye wavu, halafu kamera inageukia vilele vya milima. Inaporudi, helikopta tayari iko hewani. Maswali tunayoulizwa mara nyingi ni kuhusu zile dakika ambazo kamera ilikuwa imegeuka.

## Mambo ya msingi

1. Theluji si laini? Kwa nini wanaumia vibaya hivyo?

Theluji ya mbio si ile ya picha za kalenda. Waandaaji huiingizia maji, ikaganda usiku, na kufikia asubuhi njia nzima ni barafu ngumu. Bila hivyo, wakimbiaji kumi wa kwanza wangeichimba mitaro na wa arobaini asingekuwa na njia.

Halafu kuna kasi. Kwenye downhili, yaani mbio za kasi za mteremko mrefu, kilomita 120 hadi 140 kwa saa ni jambo la kawaida. Mwaka 2013 huko Wengen, Uswisi, Mfaransa Johan Clarey alipimwa akienda kilomita 161.9 kwa saa. Supa-G, mbio nyingine za kasi, ni ya polepole kidogo. Slalomu kubwa na slalomu, ambazo malango yake (vijiti ambavyo mkimbiaji lazima avipitie) yamekaribiana, ni za polepole zaidi, lakini zina kona kali, na goti hailisaidii kitu kwamba mbio zako zinaitwa za ufundi.

2. Majeraha gani hutokea zaidi?

Goti, bila ushindani. Ufuatiliaji wa majeraha ambao Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, limekuwa likiufanya tangu 2006 unaonyesha hivyo msimu baada ya msimu, na kwamba karibu theluthi moja ya wanaskii wa Kombe la Dunia huumia kila msimu. Goti lililochanika kano ni balaa kwa kazi ya mwanamichezo, ila haliui. Wanaopanga uokoaji hukosa usingizi kwa ajili ya mambo mengine manne: kichwa, uti wa mgongo, damu inayovujia ndani (hasa kwenye nyonga na tumbo), na mguu uliovunjika huku mishipa ya damu imekatika.

Kuna la tano ambalo wageni wa mchezo hulisahau, nalo ni ukingo wa skii. Hunolewa ukawa kama kisu. Aksel Lund Svindal wa Norwei alichanwa vibaya na skii yake alipoanguka Beaver Creek mwaka 2007. Mnorwei mwenzake Aleksander Aamodt Kilde alikatwa shavu la mguu na kuteguka bega Wengen mnamo Januari 2024, na majeraha hayo yakamsumbua muda mrefu. Kuanzia msimu wa 2024/25, nguo za ndani zisizokatika kirahisi zilifanywa kuwa lazima kwenye Kombe la Dunia.

3. Nani anamfikia majeruhi kwanza?

Mara nyingi ni yule aliyesimama karibu: mwangalizi wa lango, mfanyakazi wa njia au kocha. Kazi yake si kutibu. Anatakiwa atoe ishara, amzuie majeruhi asiendelee kuteleza, na asimvute mkono wala mguu. Timu ya tiba huwa imepangwa kando ya njia kwa vituo, karibu na mahali ambapo uzoefu umeonyesha watu huanguka: baada ya kuruka, kwenye kona iliyobana, kwenye mruko wa mwisho ambapo miguu imeshachoka. Daktari huteremka kwa skii akiwa na mkoba mgongoni, kwa hiyo kigezo cha kwanza cha kazi hii si shahada. Ni kumudu kuteremka juu ya barafu ile bila yeye mwenyewe kugeuka mgonjwa wa pili.

4. Nani ana amri ya kusimamisha mbio?

Jopo la waamuzi, kwa redio. Tamko la kwanza ni kusimamisha mlango wa kuanzia ili asitoke mwingine. La pili ni bendera ya njano kwa aliye tayari njiani.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa nyembamba. Njia ya Wengen ina urefu wa karibu kilomita nne na nusu, na bingwa huimaliza kwa kama dakika mbili na nusu. Wakimbiaji wakiachiana karibu dakika mbili, kuna nyakati ambapo wawili wako mlimani kwa pamoja. Wa kwanza akianguka chini, wa pili anamjia. Ndiyo maana wenye bendera hupangwa mahali ambapo mkimbiaji ataiona akiwa bado na nafasi ya kusimama, na anayeiona anatakiwa asimame mara moja.

5. Na huyo aliyesimamishwa anapoteza mbio zake?

Hapana. Ana haki ya kuomba kurudia. Lakini ameshatumia miguu yake nusu mlima, anarudishwa juu, anasubiri kwenye baridi, kisha anashuka akiwa na picha kichwani ya mwenzake aliyebebwa. Sheria inamrudishia nafasi, haiwezi kumrudishia zaidi ya hiyo.

## Pale pale juu ya theluji

6. Mbona wanakaa naye muda mrefu? Si wamchukue wakimbie?

Hili ndilo swali linaloongoza. Jibu fupi: baadhi ya mambo yakiachwa hadi hospitali, mgonjwa hafiki hospitali.

Utaratibu wa dharura una mpangilio wake. Kwanza damu inayomwagika kwa nguvu, ambayo huzuiwa kwa kukandamiza au kwa mkanda wa kubana mkono au mguu upande wa juu wa jeraha. Pili njia ya hewa: theluji mdomoni, meno, ulimi, au mtu aliyezimia ambaye hawezi kupumua vizuri na anahitaji mpira kooni. Tatu kupumua kwenyewe, kwa sababu mbavu zilizovunjika huweza kutoboa pafu. Nne mzunguko wa damu, na hapa nyonga huwekewa mkanda maalumu wa kuibana ikiwa kuna shaka yoyote. Ndipo fahamu na uti wa mgongo. Kisha dawa ya maumivu, mguu unanyooshwa na kufungwa, na mgonjwa analazwa kwenye godoro la vakyumu. Hilo ni godoro lenye chembechembe ndani. Hewa ikinyonywa linakakamaa na kumshika mtu kwa umbo lake mwenyewe.

Yote hayo hufanywa juu ya mteremko ambao mtu wa kawaida hawezi hata kusimama. Waokoaji huvaa vyuma vya meno chini ya viatu, na mmoja hukaa upande wa chini wa mgonjwa kama kizuizi. Dakika kumi na tano za kazi ya namna hii si uzembe. Kinyume chake pia ni kweli: mtu anayevuja damu ndani ya tumbo hana cha kupata mlimani, na daktari mzuri humjua huyo mapema, akaacha mengine yote na kumwondoa.

7. Helmeti huvuliwa?

Ikiwa majeruhi yuko macho, anapumua na anaongea, inaweza kubaki mpaka mahali patulivu. Akihitaji kusaidiwa kupumua, inatoka, na huvuliwa na watu wawili: mmoja ameshika kichwa na shingo zisicheze, mwingine anaivuta taratibu. Mtu mmoja peke yake asijaribu.

8. Na ule mfuko wa hewa aliouvaa ndani ya suti?

Mifuko ya hewa ilifanywa kuwa lazima kwa downhili na supa-G za Kombe la Dunia kuanzia msimu wa 2024/25. Ikishafunguka inakinga kifua na mgongo, lakini kwa mwokoaji ni tabaka jingine kati ya mkono wake na mgonjwa. Mwokoaji anatakiwa ajue kabla ya siku ya mbio inavyofunguliwa, mtungi wake wa gesi uko wapi, na ni wapi panapofaa kupita mkasi. Hilo huonyeshwa kwa vitendo kwenye kikao cha asubuhi. Kikao kisicholitaja kina kasoro.

9. Akinasa kwenye wavu, anaondolewaje?

Kuna nyavu za aina mbili. Nyavu ndefu za kudumu zimening'inizwa kwenye nguzo na nyaya pale ambapo kutoka nje ya njia ni kifo. Nyavu fupi husimamishwa kwa vijiti, safu kwa safu, na hung'oka ili kupunguza kasi kidogo kidogo. Kwa zile fupi, waokoaji huzikata au kuzikunja. Kwa zile ndefu, majeruhi anaweza kuwa amening'inia, skii moja ikiwa imepenya kwenye tundu. Hapo kwanza anabebwa uzito wake, ndipo skii inafunguliwa. Ukigeuza mpangilio huo unamwangusha.

Somo hili lilinunuliwa kwa bei kubwa. Januari 1991, Mwaustria Gernot Reinstadler, kijana wa miaka 20, aliingia kwenye wavu karibu na mwisho wa njia ya Wengen, skii yake ikanasa, mwili ukaendelea. Nyonga ilipasuka, na akafa kwa kupoteza damu saa chache baadaye hospitalini. Leo sehemu nyingi za chini za nyavu hizo hufunikwa turubai laini ili skii iteleze isipenye.

10. Baridi si inasaidia kuzuia damu?

Imani hii imeenea, nayo ni ya hatari. Barafu juu ya kifundo cha mguu ni jambo moja, mwili mzima kupoa ni jingine. Damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri, hivyo anayevuja huvuja zaidi. Suti ya mbio ni nyembamba kama ngozi, na chini ya mgongo kuna barafu. Blanketi huwekwa chini na juu mapema, wala halisubiri aanze kutetemeka.

## Helikopta, machela na hospitali

11. Kila anayeumia hupandishwa helikopta?

La. Njia ya pili, na kwa wengi ndiyo ya kwanza, ni akia: machela yenye umbo la mtumbwi ambayo waokoaji huishusha kwa skii, mmoja mbele na mara nyingi mwingine nyuma. Mmarekani Mikaela Shiffrin alipoanguka Killington, Marekani, tarehe 30 Novemba 2024 akatobolewa tumboni, alishushwa kwa machela huku akiwapungia mkono watazamaji. Mkono ule uliwatuliza watu. Daktari hatulizwi na mkono, kwani tundu la tumbo halionyeshi kutoka nje limefika wapi.

Kinachoamua ni jeraha, mahali alipo, hali ya hewa na umbali wa hospitali. Wengen, kwa mfano, ni kijiji kisicho na barabara ya magari. Hufikiwa kwa treni ya mlimani. Mahali kama hapo helikopta hutumika hata kwa jeraha ambalo kwingine lingepelekwa kwa gari.

12. Kwa nini helikopta haitui, inamnyanyua kwa kamba?

Kwa sababu hakuna pa kutua. Mteremko ni mkali, kuna nyavu, malango, nyaya za kamera na umati. Rubani hubaki hewani, mgonjwa akafungwa kwenye mfuko wa machela pamoja na mwokoaji au daktari, wakanyanyuliwa kwa winchi au kwa kamba ndefu ya kudumu. Huenda wakabebwa hivyo wakining'inia hadi uwanja tambarare ulio karibu, ambako mgonjwa huingizwa ndani na matibabu kuendelea. Watazamaji huogopa wakimwona akining'inia, ingawa kwa kawaida hiyo ni sehemu fupi kuliko zote za safari yake.

Upepo wa mapanga ni tatizo halisi: hurusha theluji, vijiti na mabango, na kumpoza mgonjwa. Vitu vyepesi huondolewa kwanza.

13. Anapelekwa hospitali ya karibu?

Anapelekwa hospitali inayofaa, ambayo mara nyingine si ya karibu. Mwaustria Hans Grugger alipoanguka Kitzbühel, Austria, tarehe 20 Januari 2011, kwenye mruko unaoitwa Mausefalle, sekunde chache tu baada ya kuanza, alipelekwa Innsbruck kwenye hospitali ya chuo kikuu na kufanyiwa upasuaji wa kichwa siku hiyo hiyo. Aliishi. Daniel Albrecht wa Uswisi alipitia Innsbruck pia baada ya ajali yake ya 2009 huko huko Kitzbühel, akakaa kwenye usingizi wa kitabibu kwa takriban wiki tatu, na baadaye akarudi kushindana.

Mfano wa upande wa pili ndio uliobadilisha mazungumzo yote kuhusu jambo hili. Tarehe 2 Machi 2008, kwenye supa-G ya Kvitfjell, Norwei, Matthias Lanzinger wa Austria aligonga lango, skii haikufunguka, na mguu wake wa kushoto ukavunjika chini ya goti kwa mvunjiko wa wazi uliokata mishipa ya damu. Hapakuwa na helikopta ya uokoaji iliyotengwa kwa mbio. Alichukuliwa na helikopta iliyokuwa ikitembeza watalii, akapelekwa Lillehammer, kisha ikabidi ahamishiwe Oslo. Mguu ulikatwa siku mbili baadaye.

Misuli isiyopata damu huanza kufa baada ya takriban saa sita. Kwa hiyo jeraha kama la Lanzinger linahitaji mtu wa kugusa mguu pale thelujini, kutafuta mapigo kwenye unyayo, na kutamka kwenye redio kwamba hayapo. Sentensi hiyo moja ndiyo inayochagua hospitali. Helikopta bila sentensi hiyo inampeleka mgonjwa haraka mahali pasipo pake. Lanzinger alirudi kwenye theluji kwa mguu bandia, akashinda medali mbili za fedha kwenye Paralimpiki ya Sochi mwaka 2014.

14. Ukungu ukiifunga helikopta chini?

Hapo unatazamwa mpango wa akiba: akia hadi barabarani, gari la wagonjwa, muda wa kufika umeshapimwa. Jopo likiona muda huo haukubaliki kwa downhili, mbio zinasogezwa au zinafutwa. Watu hulalamika kwamba "njia inaonekana vizuri kabisa". Njia inaonekana, ndiyo. Bonde ambalo helikopta inapaswa kulivuka halionekani.

## Baada ya majeruhi kuondoka

15. Mbio huendelea lini?

Si helikopta inapotoweka. Kanuni za FIS zinataka mkuu wa huduma za tiba au daktari wa mbio athibitishe kwamba huduma zote ziko mahali pake kabla ya mazoezi rasmi au mbio kuanza. Ikiwa mpango wa kwanza hauwezi kutumika kwa sababu ya ajali au jambo jingine lolote, ule wa akiba lazima uwe tayari ndipo mbio ziendelee. Kwa lugha nyepesi: kama daktari na helikopta wameondoka na majeruhi, awepo daktari mwingine na njia nyingine ya kumtoa atakayefuata. Vinginevyo mlango wa kuanzia unabaki umefungwa, televisheni ipende isipende.

Binafsi naona hiki ndicho kipimo cha mwandaaji. Helikopta moja kila mtu anayo siku ya mashindano. Muulize ya pili inatoka wapi.

16. Mbona wengine huinuka, wakateremka wenyewe, halafu tunasikia wamelazwa?

Msisimko huficha maumivu, na ubongo uliotikiswa hauwezi kujipima wenyewe. Mwanaskii aliyegonga kichwa, au anayeonekana kupepesuka au kuuliza maswali yale yale, hutolewa kwenye mbio na kupimwa, na haruhusiwi kurudi siku hiyo. Hatumuulizi kama anajisikia vizuri, maana wote hujibu ndiyo. Damu inayovujia ndani ya fuvu inaweza kumwacha akiongea kwa muda kabla hajazimia.

## Mazoezi na mazingira yasiyo ya kawaida

17. Siku za mazoezi nazo zina ulinzi huo huo?

Mazoezi rasmi ya Kombe la Dunia, ndiyo. Cyprien Sarrazin wa Ufaransa aliumia kwenye mazoezi kama hayo huko Bormio, Italia, tarehe 27 Desemba 2024, akabebwa kwa helikopta na kufanyiwa upasuaji jioni ile ile kuondoa damu iliyokusanyika ndani ya fuvu.

Mazoezi ya timu, kwenye mlima wa kukodi, ni habari nyingine, na hapo ndipo mchezo huu umekuwa ukizika watu. Régine Cavagnoud, bingwa wa dunia wa supa-G, aligongana na kocha wa timu nyingine kwenye barafu ya Pitztal, Austria, Oktoba 2001, akafariki siku mbili baadaye. David Poisson alifia Nakiska, Kanada, Novemba 2017. Matilde Lorenzi alianguka Val Senales, Italia, Oktoba 2024, akafariki. Matteo Franzoso naye alianguka La Parva, Chile, Septemba 2025, akafariki. Wote walikuwa mazoezini. Safu za nyavu huwa chache, daktari huenda hayupo, na kocha ndiye mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu kumfikia majeruhi.

18. Sisi ni klabu ndogo. Tufanye nini kwa kiwango chetu?

Msiige Kitzbühel. Jueni namba ya uokoaji ya mlima mnaofanyia mazoezi na mijaribu kabla ya kushuka mara ya kwanza. Mjue helikopta inaweza kutua wapi, na muwe mmeziandika koordinati zake. Makocha wote wawe na mkanda wa kuzuia damu na wajue kuufunga kwa mikono yenye baridi. Jambo la mwisho ambalo klabu nyingi huliruka: mmoja asimame juu mwenye amri ya kusema hakuna anayeanza, na amri hiyo isijadiliwe.

19. Nani hulipa?

Kwa kanuni za FIS, kila mshindani anatakiwa awe na bima ya ajali inayotosha gharama za ajali, usafiri na uokoaji, ikiwemo hatari ya mbio zenyewe. Bima nyingi za kawaida za safari huondoa mashindano kwenye orodha yake, kwa hiyo soma maandishi madogo. Hakuna rubani anayeuliza kadi ya bima mlimani, lakini ankara huja.

20. Dawa za maumivu alizopewa mlimani zinaweza kumletea kesi ya dopingi?

Zinaweza kuonekana kwenye kipimo. Mofini na fentanili zimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku wakati wa mashindano. Ketamini haimo kwenye orodha hiyo. Hata dripu ya maji ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ina masharti, isipokuwa imetolewa katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Hata hivyo kwa tiba ya dharura kibali kinaweza kuombwa baada ya tukio. Kinachohitajika ni daktari wa mlimani aandike jina la dawa, kiasi, saa na sababu, na karatasi hiyo iende pamoja na mgonjwa. Daktari wa timu aombe nakala siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki moja baadaye hakuna anayekumbuka ilikuwa mikrogramu ngapi.